Mara Tatu Nukta Sita

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho na midomoni mwa ndugu zake. Kiwandani aliitwa Nukta, na jina hilo alilipata kihalali. Ukimwuliza mtu mwingine joto la tangi, angekujibu mia na sabini, akaendelea na chai yake. Yeye angekujibu mia na sabini nukta nne, kwa sababu ile nukta nne ingemkaa kooni mpaka aiteme. Wapakiaji walipomwona anakatiza uani na ovaroli yake iliyopigwa pasi, waliambizana, "Nukta huyo anapita, angalieni msimkanyage." Naye alicheka pamoja nao, maana alikuwa mwembamba kweli, tena hakuwa mtu wa kinyongo.

Kazi yake ilikuwa fundi wa vipimo katika kiwanda cha mafuta ya kupikia, yale magumu ya kwenye kopo. Wewe unayeyachota kwa kijiko huenda hujawahi kujiuliza yamegandaje. Mafuta yakikamuliwa kwenye mbegu hutoka ya majimaji. Yakipashwa moto ndani ya tangi lililofungwa, yakapuliziwa gesi ya haidrojeni, hukubali kushikana. Gesi ikipungua, unabaki na uji usionunulika. Gesi ikizidi, unapata kitu kigumu kama mshumaa. Kwa hiyo ni lazima mtu akae na mita, ahakikishe kinachoingia ndicho kilichotakiwa. Nukta alikaa nayo miaka mingi katika chumba cha ghorofani juu ya karakana: meza, kiti, mita ukutani, birika la umeme na simu ya mezani ambayo waya wake ulikuwa umejisokota hata haunyooki tena.

Gesi yenyewe haikutengenezwa pale. Ilitoka yadi ya jirani, ng'ambo ya uzio wa waya, na yadi hiyo ilikuwa kampuni nyingine kabisa, ina geti lake, mlinzi wake na barabara yake ya kuingilia. Iliwekwa mbali makusudi, maana haidrojeni haina rangi wala harufu, na ikipata cheche haiombi ruhusa kwa mtu. Kilichounganisha pande hizi mbili ni bomba moja lililopita juu ya uzio, na simu.

Simu ilihitajika kwa sababu mita hazikuongea lugha moja. Ya yadi ilihesabu moli kwa sekunde. Ya kiwanda ilihesabu kilomoli kwa saa. Kwa aliyeikimbia kemia shuleni, moli ni jina la idadi tu, kama dazani. Dazani ni vitu kumi na viwili. Moli ni chembe nyingi mno za kitu kidogo mno, na kiasi chake kamili hakituhusu hapa. Gesi ukiipima kwa lita itakuchezea akili: jua likiwaka inavimba, ukiibana inasinyaa. Ukihesabu chembe zake, hazivimbi wala hazisinyai, ndiyo maana watu wa gesi wanazipenda moli. Na kutoka lugha ya yadi kwenda lugha ya kiwanda si safari ndefu. Saa ina sekunde elfu tatu na mia sita. Kilo ni elfu moja. Gawanya ile kwa hii, unapata tatu nukta sita. Moli nne na nusu kwa sekunde, zidisha mara tatu nukta sita, ni kilomoli kumi na sita nukta mbili kwa saa. Mwanafunzi wa sekondari anaiweza akiwa anatafuna muwa.

Kila asubuhi, valvu kubwa ikishafunguliwa, mtu wa yadi alitakiwa ampigie Nukta amsomee mita yake, Nukta abadilishe, alinganishe na ya kwake. Zikilingana, kazi inaendelea. Ndiyo sheria yote.

Kwa muda mrefu aliyepiga kutoka yadi alikuwa mzee mmoja mkavu aliyetaja namba kama anakutupia jiwe, kisha akakata. Mzee alistaafu. Asubuhi moja, badala ya simu, likaja karatasi kwa mkono wa mlinzi, limeandikwa vizuri: "Moli 4.5/s." Nukta akalitazama, akaitazama mita yake ya ukutani, ambayo enzi za meneja mmoja mpenda Kiswahili ilipakwa rangi na kuandikwa "Kilomoli/s". Kwa Nukta, s ilikuwa saa. Tangu aingie chumba kile s ilikuwa saa na haikuwahi kuwa kitu kingine. Akapiga hesabu yake kwa s hiyo, akaona ameletewa gesi ya kujaza maputo ya sherehe ya watoto, wakati tangi zima la mafuta linangoja. Akanyanyua simu, amevimba.

"Nani huyo anayenichezea asubuhi yote hii? Moli nne na nusu kwa saa, nigandishe nini, kijiko?"

Sauti ya mwanamke, tulivu, ikauliza kutoka upande wa pili, "Samahani fundi, hiyo s yako ni s ya nini?"

"Ya saa. Kwani kuna s nyingine?"

"Yangu ni ya sekunde."

Nukta alikaa na mkono wa simu sikioni, akaona aibu inampanda kutoka kwenye kola. Halafu mwanamke yule akacheka, wala hakuwa akimcheka yeye. Alikuwa akiicheka ile s. Nukta naye akacheka. Alicheka hadi akatoa leso. Huenda alikuwa hajacheka hivyo tangu mama yake azikwe.

Hapo inabidi nieleze habari za nyumbani, ingawa hakuna kikubwa. Nukta aliishi na mama yake katika vyumba viwili na jiko. Mama aliugua muda mrefu, ugonjwa ule wa kulala na kugeuzwa, na umri wa kuoa ulimpita mwanawe akiwa anabadilisha shuka. Hakulalamika. Mdogo wake wa kike, aliyeolewa mbali, alipiga simu mara moja moja kumwuliza, "Kaka, umekula?" na kabla hajajibu akaanza kumgombeza mtoto wake aliyemwaga kitu. Mama alipofariki, nyumba ilijaa watu, mikeka, sufuria kubwa na sauti. Kisha watu wakarudi makwao, kama ilivyo haki yao. Nukta alibaki na sufuria iliyozidi chakula chake, na redio aliyoiwasha kwa ajili ya sauti tu, hata kama inasoma bei za mifugo. Siku moja alirudi kazini akajikuta amesimama nje ya mlango wake mwenyewe, anapiga hodi. Alisubiri kidogo, kisha akatoa ufunguo.

Alikuwa mpweke. Kuna watu wanaoliremba neno hilo, wanasema mtu fulani anapenda utulivu, ni mtu wa mawazo. Upuuzi mtupu. Nukta hakupenda utulivu hata kidogo. Mwisho wa juma alikaa bila kuongea na kiumbe chochote, na Jumatatu sauti yake ilitoka imekwaruza kama bawaba ya mlango, akalazimika kukohoa kidogo kabla ya kupokea simu ya yadi, asije akasikika kama mgonjwa.

Kwa hiyo unaweza kuelewa simu ile ilikuwa nini kwake.

"Fundi, umeamkaje?"

"Salama, dada. Huko?"

"Huku vumbi, napiga chafya tu. Haya, leo nina nne nukta sita. Kwa lugha yenu hiyo ni ngapi?"

Nukta alizidisha. Alikuwa na jibu kichwani kabla dada wa yadi hajamaliza kuuliza, lakini hakulitoa upesi. Aliligeuzageuza, "Ngoja kidogo, mara tatu nukta sita… nne mara tatu nukta sita ni kumi na nne nukta nne… na ile nukta sita…" na wakati wote huo alimsikia akinywa chai upande wa pili, akiipuliza, akilaumu paa la ofisi yao, akisimulia jinsi binti yake anavyoamka saa ambazo jogoo ameshasahau kama aliwika. "Kumi na sita nukta tano sita," alisema mwishowe. "Na mita yangu inasema kumi na sita nukta tano sita."

"Tumepatana," alisema dada.

Hilo ndilo neno lao la kazi. Sijui nani aliliingiza kwenye biashara ya gesi, lakini namba mbili zikikutana baada ya kubadilishwa, mafundi wa pale walisema zimepatana, na waliozisoma wamepatana. Sasa, wewe unajua neno hili lina mambo yake. Wanaouziana hupatana bei. Waliogombana hupatana. Na mke na mume wakikaa vizuri, majirani husema wale watu wanapatana. Nukta aliambiwa neno hilo kila asubuhi ya kazi, miaka kadhaa, na sauti ile ile, kisha tangi likaendelea kunguruma chini ya sakafu, naye akakaa akitazama sindano ya mita na moyo wake ukiwa umetulia kama wa mtu aliyeshiba.

Hakuwahi kumwona. Mageti yalikuwa mbalimbali, na dirisha la Nukta lilitazamana na matangi ya mafuta, si yadi. Alijitengenezea sura: mwanamke mrefu, wa mwendo wa pole. Hakujua kama ana mume. Dada hakumtaja mume, na yeye hakuuliza, kwa kuwa aliliogopa jibu lolote ambalo lingekuja. Angekuwa na mume, basi yameisha. Asingekuwa naye, ingebidi Nukta afanye jambo, na kufanya jambo hakukuwa fani yake.

Hapo ndipo msimamizi alipopanda ngazi siku moja, anahema, uso umejaa habari njema.

"Nukta, utapumzika sasa," alisema. "Tunaleta mita mpya pande zote mbili. Zinaunganishwa kwa waya, zinaongea zenyewe. Kule itasoma kilomoli kwa saa, huku kilomoli kwa saa. Hakuna tena kuzidisha, hakuna kupigiana simu. Mwisho wa mwezi mambo yote tayari."

"Na simu?" aliuliza Nukta.

"Simu gani?"

"Hii."

Msimamizi aliitazama simu kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Hiyo tutaing'oa tu. Inachukua nafasi kwenye meza."

Alimpiga bega kwa upendo, akashuka. Alikuwa mtu mwema, msimamizi yule, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa, kwani mtu wa aina hiyo huwezi kumkasirikia.

Tangu siku hiyo Nukta aliishi na swali moja. Alitaka kumwambia dada: mita zikishaunganishwa, wewe na mimi tutaongea vipi? Ni sentensi fupi. Aliisema bafuni. Aliisema akiwa anakatakata vitunguu. Alipofika kazini na simu ikalia, ilimkwama, akabaki kuzidisha. Dada naye alishaambiwa habari za mita, maana asubuhi moja alisema tu, "Eti tunapumzishwa, fundi," kwa sauti ambayo Nukta aliitafakari siku nzima bila kupata ilikuwa na furaha au la. Papo hapo alijibu tu, "Ndiyo teknolojia hiyo." Akajichukia mpaka jioni.

Siku zilikwenda. Mafundi wa waya walishaanza kupanda nguzo na kuteremka, wakipigiana miluzi. Na asubuhi moja dada akapiga, akasimulia habari za hali ya hewa kama kawaida, akasema, "Nne nukta tano. Kwa lugha yenu?"

Mita ya Nukta ilionyesha kumi na sita nukta mbili. Ilikuwa imetulia pale, haitikisiki. Naye akasikia kinywa chake kinasema, "Kumi na tano nukta tatu."

Ngoja nikuambie alichokuwa anawaza, maana usimdhanie mtu mbaya. Sheria ilisema zisipolingana, kila upande usome upya, kisha wapigiane tena. Kupigiana tena ndicho alichokitaka. Simu moja ya ziada. Katika ile ya pili angesema, jamani nisamehe, macho yangu haya, nilisoma vibaya, na wangecheka kama walivyoicheka s, na katikati ya kicheko angeichomeka ile sentensi yake. Alikwisha kuupanga mpango huo vizuri, na ulikuwa na kasoro moja tu, kwamba hakumhesabu dada mwenyewe.

"Kumi na tano nukta tatu?" aliuliza dada. Chai yake ilitua mezani, ikasikika. "Una uhakika? Hapana, kwa nini nakuuliza. Wewe umewahi kukosea lini? Basi kuna mahali panavuja."

"Ngoja, dada, tusome tena kwa…"

"Hakuna kusoma tena. Angekuwa mtu mwingine ningesema amesoma vibaya. Nafunga gesi sasa hivi, natoka kwenye bomba. Waambie watu wako wasiwashe kitu chochote."

Simu ikakatika.

Nukta alipiga. Iliita. Alipiga tena, iliita ndani ya ofisi ambayo sasa haikuwa na mtu. Sindano ya mita yake ikaanza kushuka, kumi na sita, kumi na mbili, sita, mpaka ikalala chini. Mngurumo wa tangi ukabadilika, kisha sauti ya msimamizi ikapanda ngazi mbele ya mwenyewe: "Nukta! Gesi imekwenda wapi? Tuna tani nzima ya mafuta yameiva nusu humu!" Nukta alimpita kwenye ngazi bila kumjibu, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu yeyote tangu azaliwe.

Alizunguka nyuma ya matangi hadi kwenye uzio, pale bomba linapovuka. Jua lilishaanza kuwaka. Upande wa pili kulikuwa na ngazi ya chuma imeegemezwa kwenye nguzo, na juu yake mwanamke mfupi, mnene kidogo, kofia ya kazi imemwangukia karibu na nyusi, miwani imefungwa kwa kamba shingoni, mabuti yamemzidi miguu. Mkono mmoja ulishika ndoo ya povu la sabuni, mwingine brashi. Alikuwa akipaka povu kwenye viungo vya bomba, kimoja baada ya kingine, akisogeza uso karibu kabisa kuangalia kama kuna linalovimba. Kama bomba lile lingekuwa linavuja kweli, uso huo ungekuwa mahali pa hatari kuliko pote katika eneo lile. Jasho lilimchuruzika, na alipiga chafya.

Kwa chafya ile Nukta alimtambua.

Sikuambii kwamba sura aliyojitengenezea ilivunjika. Ilitoweka tu, na hii ikakaa mahali pake, kana kwamba ndiyo aliyoijua siku zote. Alisimama na vidole vyake ndani ya matundu ya waya, akaona furaha na hofu vinamjaa kwa pamoja.

Dada alimwona. Aliona mtu mwembamba mwenye ovaroli safi, akamdhania mfagizi.

"Kaka, upo upande huo, nisaidie macho," alisema kutoka ngazini. "Kiungo hicho juu yako, nimekimwagia povu. Kuna mapovu yanayokua?"

Nukta alitikisa kichwa.

"Angalia vizuri, usitikise tu. Ni lazima kuna mahali. Nimepaka huko kote tangu kwenye valvu, nimerudia, sioni kitu." Alijifuta jasho kwa bega. "Unamjua yule fundi wenu wa vipimo?"

Nukta aliinamisha kichwa, ishara ambayo ingeweza kuwa ndiyo.

"Basi mtu yule hakosei. Akikuambia imepungua, imepungua. Miaka yote hii sijamkamata hata na nukta. Kwa hiyo ipo, ni mimi tu sijaiona." Akageuka, akachovya brashi, akaanza kiungo kile kile kwa mara nyingine.

Alichokuwa nacho Nukta mbele ya mwanamke yule ni sauti tu. Akinyamaza, atabaki mfagizi, na fundi asiyekosea ataendelea kuwepo kule ghorofani, msafi, mpaka mwisho wa mwezi na baada yake. Akifungua mdomo, fundi yule amekwisha. Alimtazama akinyoosha mkono kufikia kiungo cha mbali, buti moja likiwa limeacha ngazi.

"Shuka, dada," alisema. "Bomba ni zima."

Brashi ilisimama. Dada hakugeuka upesi. Alitoa miwani, akaivaa, kisha ndipo akamtazama.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Na gesi?"

"Ilikuwa kumi na sita nukta mbili. Tangu mwanzo."

Dada alishuka ngazi taratibu, akiweka ndoo kila hatua. Alifika chini, akasogea uzioni. Sasa walikuwa karibu kuliko walivyowahi kuwa, na Nukta akaona ana kovu dogo kwenye kidevu.

"Ulisoma vibaya," alisema dada, na ilikuwa wazi alikuwa anampa njia ya kutokea.

Naye mpumbavu yule, mtu wa nukta, hakuweza kuipitia. "Nilisoma vizuri. Nilikuongopea. Nilitaka upige tena. Mita zikiunganishwa hutapiga, na mimi… mimi sina simu nyingine inayolia, dada. Nilitaka kukuuliza tutaongea vipi, nikashindwa."

Mafundi wa waya walipiga mluzi huko juu ya nguzo. Dada aliangalia mikono yake, ngozi imekunjamana kwa sabuni.

"Ungeniuliza tu," alisema. "Ningekujibu. Nilikuwa nangoja uulize. Mwanangu ananicheka nyumbani, ananiambia, mama, leo fundi wako amesemaje?"

Nukta alitaka kusema kitu. Dada aliinua mkono, si kwa hasira.

"Nimepanda pale nikiamini naweza kulipuka. Unaelewa? Nimemfikiria binti yangu, atapikiwa na nani. Nikasema hapana, panda, kama fundi amesema panavuja, na watu wote hawa wapo kazini." Aliisukuma ndoo kwa buti. "Sikuwa na mtu mwingine ninayemwamini hivyo bila kumwona. Sasa hizo namba nyingine zote, za miaka yote, nitajuaje ipi ilikuwa ya kweli?"

"Zote, dada. Zote isipokuwa hii."

"Huenda," alisema dada. Alichukua ndoo yake, akamwaga povu lililobaki kwenye mchanga, akabeba ngazi begani. Alikuwa na nguvu kuliko alivyoonekana. Nukta alimwangalia mpaka alipopotelea nyuma ya mitungi.

Msimamizi aliambiwa kwamba mita ilisomwa vibaya. Kwa upande wa yadi dada alisema hivyo hivyo, na kwa kuwa kauli zililingana, hakuna aliyechimba zaidi. Mafuta yaliyoiva nusu yalipikwa upya. Wapakiaji walimtania Nukta siku mbili tatu, kwamba hata nukta nayo huteleza, kisha wakapata cha kucheka kingine.

Zilibaki asubuhi chache kabla ya waya kuunganishwa. Ile ya kwanza baada ya siku ile, Nukta alifika mapema, akaondoa vumbi kwenye simu kwa mkono wa ovaroli, akakohoa kidogo kusafisha sauti. Ilipolia aliiacha iite mara moja tu.

"Habari za asubuhi," alisema dada. Hapakuwa na chai, wala vumbi, wala binti. "Nne nukta saba mbili. Sawa na kumi na sita nukta tisa tisa mbili kwa saa. Ni sahihi?"

Alikuwa amezidisha mwenyewe, mpaka desimali ya tatu, bila kuvuta pumzi. Nukta aliishika simu kwa mikono miwili. Miaka yote ile dada alikuwa anajua kuzidisha, na bado kila asubuhi alikuwa anamwuliza yeye.

Mita ya ukutani ilisema kumi na sita nukta tisa tisa mbili.

"Sahihi," alisema Nukta, kwa maana ilikuwa sahihi, na dada akasema asante, akakata.